Chuo Alichokipima kwa Karamu

Mwaka aliomaliza sekondari katika mji wetu wa Hilo, visiwani Hawaii, Kehau Agbayani alikuwa na swali moja tu kwa kila chuo cha Marekani bara kilichomtumia vipeperushi vyake vya kung'aa: watu wa kwetu wako wangapi huko? Wenzake waliulizia maabara, mabweni na timu za mpira. Yeye aliandika kwa adabu zote kuuliza kama kuna wanafunzi kutoka Hawaii, kama wana chama chao, kama chama hicho huandaa karamu ya luau kila mwaka, na kama wali hupikwa bwaloni kila siku au kwa zamu. Chuo kimoja cha Iowa kilimjibu, bila kuona haya, kwamba kina mwanafunzi mmoja wa kutoka visiwani na kwamba wali hupatikana Jumatano.

Barua hiyo aliisoma kwa sauti katika duka la vitambaa alikofanya kazi mama yake.

"Mmoja," alisema Anti Darlene. "Masikini wa watu. Huyo anakula na nani?"

"Anaisubiri Jumatano," Kehau akajibu, na mama yake, Lorna, akacheka mpaka akaweka mkasi chini.

Lorna na Darlene Medeiros walikuwa wamesimama kaunta moja kwa miaka ishirini na mitatu, wakikata vitambaa vya maua kwa ajili ya mashati, magauni na sketi za wacheza hula, ngoma ya kwetu. Hawakuwa ndugu wa damu, ila kwetu mtu mzima aliyekuona ukitambaa ni anti yako, na habari zako zote ni halali yake. Darlene alikuwa na binti anayeitwa Pua, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja huko Oregon. Kila alilofanya Pua lilisimuliwa kaunta pale kabla halijapoa.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini asibaki tu? Hilo kuna chuo kikuu, kizuri, dakika kumi kwa gari kutoka kwao, na kilikuwa kimeshamkubali. Lakini Kehau alikuwa ameishi miaka kumi na minane katika mji ambao ukinunua soda upande huu, mama yako upande ule anajua ni soda gani kabla hujaimaliza. Alitaka kwenda mahali asipojulikana, na papo hapo alitaka akifika wamjue. Usimcheke. Nusu ya watoto wetu wanaopanda ndege kila Agosti wanataka hivyohivyo, na wengi wao wanarudi kabla ya Krismasi ya pili.

Chuo cha Pua kiliitwa Alder Fork. Kilikuwa katika mji mdogo wenye mvua kama yetu, na kilikuwa na chama cha watu wa visiwani chenye umri wa miaka arobaini. Pua ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

"Usije siku ya kawaida," alimwambia Kehau kwa simu. "Siku ya kawaida chuo chochote kinachosha. Njoo wiki ya luau, utuone tulivyo."

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa letu sote, si la Kehau peke yake. Mtu wa Iowa akitaka kukijua chuo anakwenda Jumanne ya baridi, anakaa nyuma ya darasa, anakula kile kibovu wanachokula wenyeji, anarudi kwao ameshajua. Sisi tunakwenda siku ya karamu. Tunaamini ukitaka kuwajua watu, waone wanavyolisha wageni. Kwetu kipimo hicho hakina kasoro, kwa sababu kwetu karamu inapikwa na walewale utakaoishi nao.

Kehau alisafiri katikati ya Aprili pamoja na Anti Darlene, ambaye kila mwaka alipeleka majani na maua kwenye masanduku ya barafu. Lorna alibaki dukani, maana hawawezi kuondoka wote wawili. Walipofika Alder Fork, Kehau alikuta ukumbi wa michezo umejaa akina mama wa visiwa vya Kauai, Maui na Oahu, wamekaa chini kwenye mikeka wakisuka makoja, ndala zao zimepangwa mlangoni. Nyuma ya bweni nguruwe mzima alikuwa amezikwa kwenye shimo la mawe ya moto tangu alfajiri, na wanaume wanne walikuwa wanabishana kama ni wakati wa kumfukua. Hakuna aliyemuuliza Kehau anataka kusomea nini. Walimuuliza amemaliza shule gani, na alipojibu, kila mmoja akamtajia mtu wa shule hiyo, mpaka akapatikana mjomba wa Hilo aliyewahi kumfundisha baba yake kuogelea.

Jioni ile watu mia nne walikula nyama, samaki na poi, ule uji mzito wa magimbi, na vijana walipopanda jukwaani kucheza, wazazi wakapiga vigelegele kila mmoja kwa jina la mtoto wake. Kehau alisimama pembeni na sahani yake, machozi yanamtoka bila kikwazo. Alisema mwenyewe baadaye kwamba hajawahi kujisikia mwenyeji kiasi kile hata nyumbani.

Pua alimkuta hapo, akampiga kikumbo cha bega.

"Unaona sasa? Wewe na Iowa yako."

"Wako hivi siku zote?"

"Watu ni haohao," Pua alisema. "Mwakani chumba changu na chako, mlango kwa mlango. Wewe utachukua wasichana wa hula, maana mimi magoti yamekwisha. Lakini usinitupe halafu ukaenda kula Jumatano."

Kehau alirudi Hilo akiwa ameshaamua. Zilibaki wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kujibu vyuo, tarehe mosi Mei, na wiki mbili hizo aliishi kama bibi harusi. Mama yake alimkatia kitambaa cha kijani chenye majani ya mshelisheli, akamshonea gauni la kuvaa siku ya kwanza. Siku moja akiwa amesimama juu ya kiti anapimwa pindo, Kehau alipatwa na wasiwasi mdogo.

"Mama, unadhani Pua atanichoka? Nitakuwa namfuata kama mkia."

Lorna alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye pindo, ndipo akajibu.

"Pua atakuwa kama dada yako. Geuka."

Kehau akageuka. Wiki iliyofuata alikikataa chuo cha Hilo, akakikataa cha Iowa, akakikubali cha Alder Fork, na mama yake akiwa amekaa ubavuni mwake mezani.

Kuanzia Juni simu za Pua zikawa fupi. Alikuwa na kazi ya likizo huko Portland, alichoka, atapiga baadaye. Julai hakupiga kabisa. Siku ya safari Anti Darlene, ambaye hajawahi kukosa kumsindikiza mtu uwanja wa ndege tangu uwanja ujengwe, alisema tumbo linamsumbua.

Basi Kehau akafika Alder Fork mwisho wa Agosti, gauni la kijani mwilini, na mlango ulioelekeana na wake akaukuta una jina la mtu mwingine. Aliuliza mapokezi ya bweni. Kijana wa pale akatazama kompyuta yake, akasema Pualani Medeiros hayupo, amehama chuo, lakini ameacha bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na ufunguo wa stoo ya chama na karatasi moja.

Pua aliandika kwamba amehamia chuo cha Honolulu, kulekule visiwani. Aliandika kwamba alijaza fomu za kuhama tangu Februari, kwa sababu alikuwa hawezi tena. Chama kilikuwa kimekufa ila jina, na luau, hata kucheza jukwaani, ilikuwa inafanywa na wale waliomaliza zamani na wazazi wao, wanaokuja siku mbili na kuondoka. "Sikutaka chama cha miaka arobaini kife mikononi mwangu," aliandika. "Nilihitaji mtu wa kumwachia. Wewe una moyo kuliko mimi. Nisamehe."

Kehau alikwenda stoo na karatasi ile mkononi. Alikuta masufuria makubwa, sketi kwenye mifuko, ngoma mbili, na orodha ya wanachama ukutani. Wanachama walikuwa wanne, na Pua alikuwa mmojawapo. Kati ya watatu waliobaki kulikuwa na msichana wa California aliyependa tu kucheza, mvulana mmoja wa Maui, Bronson, aliyeletwa na mpira na asiyetaka kusikia habari za ngoma, na Kehau mwenyewe, ambaye Pua alikuwa ameshaliandika jina lake tangu Aprili.

Aliketi juu ya sufuria lililofunikwa, akampigia mama yake, akalia kwa sauti.

"Pua ameondoka?" Lorna aliuliza kule Hilo. "Ameondoka lini? Jamani, huyu mtoto. Pole mwanangu. Pole sana."

"Kaa kidogo," mama yake aliendelea. "Jipe muda. Utawazoea."

Na Kehau akajipa muda, maana ndivyo alivyolelewa. Septemba, siku ambayo vyama vyote hutandaza meza zao uwanjani kutafuta wanachama, alipika wali, akaufunga kwa mwani na kipande cha nyama ya kopo kama tunavyobeba safarini, akasimama nyuma ya meza peke yake. Watu thelathini walikula. Kumi na wawili waliandika majina. Kwenye mkutano walikuja wawili, na mmoja alidhani kuna chakula tena.

Tuseme kweli, chuo hakikumkosea kitu. Walimu walikuwa wazuri, na mwenzake wa chumbani, Mackenzie wa Idaho, alikuwa msichana mwema aliyepanda kitandani na viatu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Watu wa pale walikuwa wapole kwa namna yao: wanakutabasamia, wanakuuliza habari, kisha wanaendelea na njia yao kabla hujajibu. Kehau alikuwa akibaki amesimama na jibu lake. Wiki nzima iliweza kupita bila mtu kumuuliza swali linalohitaji zaidi ya neno moja. Uwongo haukuwa wa chuo. Chuo kilikuwa kimekaa palepale siku zote, Jumanne zake zote ziko wazi, na yeye hakuja Jumanne.

Chuki yake yote aliielekeza kwa Pua. Alimtungia maneno akiwa anaoga, akiwa anatembea kwenda darasani, akiwa anasugua masufuria ya chama ambayo hayakuwa machafu. Alipopanda ndege ya kurudi kwa Krismasi, alikuwa amebeba kwenye begi fomu ya kuhamia chuo cha Hilo, imejazwa yote, bado kuitumia tu. Alitaka amwambie mama yake kwanza, uso kwa uso. Aliogopa kumvunja moyo.

Desemba dukani huwa ni vurugu, kila mtu anataka mashati ya familia yafanane, kwa hiyo Kehau aliingia kaunta kusaidia. Siku mbili Anti Darlene alimkwepa. Akimwona anakuja na jora, yeye anakumbuka kitu stoo. Siku ya tatu Kehau akamfuata hukohuko, kati ya majora ya pamba.

"Anti, mimi na wewe hatuna ugomvi. Aliyenifanyia ni Pua."

Darlene aliketi juu ya boksi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mcheshi, na Kehau hakuwa amewahi kumwona akitafuta maneno.

"Nimemgombeza, mwanangu. Mbele ya baba yake. Kwamba alijaza fomu tangu Februari, sikujua, naapa. Barua ya kukubaliwa Honolulu ilipokuja ndipo akaniambia, na siku hiyohiyo nikamwambia mama yako."

"Siku gani?"

"Si ile Aprili. Tumerudi kwenye luau kama wiki moja tu. Nilikuja kaunta asubuhi, nikamwambia, Lorna, Pua anahama, usimwache mtoto akajibu vyuo kabla hajajua. Akasema, niachie mimi, nitamwambia mwenyewe." Darlene alimtazama, kisha akaacha kumtazama. "Nilidhani amekwambia. Nilidhani unajua na umekwenda hivyohivyo, nikasema huyu mtoto ana roho ngumu. Mpaka Julai nakutana na wewe sokoni, unaniambia Pua hapokei simu. Ndiyo nikajua hukuambiwa."

"Na wewe hukuniambia."

"Sikukwambia," Darlene alikubali. "Yule ni mama yako."

Kehau alirudi kaunta akakata yadi sita za kitambaa cha mteja, sawasawa, bila kukosea. Jioni nyumbani hakungoja chakula kiive. Lorna alikuwa kwenye sinki anaosha mchele.

"Mama, Anti Darlene alikwambia lini habari za Pua?"

Mikono ya Lorna iliendelea kwenye maji.

"Nani amekwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Aprili."

"Kabla au baada ya kunipima lile gauni?"

Lorna alimwaga maji ya kwanza, akafungulia mengine. "Kabla. Siku moja kabla."

"Nilikuuliza kama Pua atanichoka. Ukaniambia nigeuke."

"Ungejua usingekwenda."

"Ndiyo. Nisingekwenda."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo maana." Lorna alizima bomba. "Unanijua mimi. Kila mtu anaijua hadithi yangu, naisema mwenyewe watu wanacheka. Nilikwenda chuo huko bara, Spokane, nina miaka kumi na tisa, nikakaa wiki kumi. Nilipiga simu nalia kwamba hakuna mtu wa kula naye, bibi yako akasema rudi, nikarudi. Hakuna aliyenisukuma hata kidogo. Nikashika mkasi dukani, niushike mwezi mmoja tu. Mpaka leo ninao, unaona mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi ndiyo wiki yako ya kumi na moja."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nilikuwa na vyuo vitatu mezani. Ulikaa ubavuni mwangu unanitazama nakataa viwili." Sauti ya Kehau ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. "Mama, uwongo huo ningeweza kuumeza. Lakini Agosti nilikupigia nalia. Ukaniuliza Pua ameondoka lini. Ukaniuliza mimi. Miezi minne umekuwa ukinipa pole kwa kitu ulichonifanyia wewe, na mimi nilikuwa napiga simu kila Jumapili kwa sababu ya hizo pole."

Lorna alikuwa analia sasa, mikono imelowa, hajui aiweke wapi. Hakujitetea tena. Alisema kama Kehau anataka kurudi, arudi, chumba chake hakijaguswa, chuo cha Hilo kingempokea kesho, na yeye hatasema neno. Alisema kwa moyo wote. Miezi minne iliyopita maneno hayo yangemfanya Kehau apige magoti.

Fomu ilikuwa chumbani, ndani ya begi, haina kosa. Kehau alikwenda akaitazama. Aliwaza kuamka kila asubuhi katika nyumba ile, kunywa kahawa na mwanamke aliyeweza kutoa pini mdomoni moja moja huku akitafuta uwongo, na kila akiambiwa kitu awe anajiuliza kama ndivyo kilivyo. Nyumbani kwake palikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuwahi kuuliza wapo wangapi na ni watu gani. Hakuhitaji kuuliza. Fomu akaichana, si kwa hasira, ila kwa sababu mahali ilipokuwa inampeleka hapakuwapo tena.

Mwanzoni mwa Januari Lorna alimpeleka uwanja wa ndege. Njiani walizungumza habari za mvua na za mteja aliyerudisha kitambaa alichokwisha kukitumia. Kehau alijibu kila alichoulizwa, kwa neno moja moja, kama wanavyojibu watu wa Alder Fork. Walipofika, Lorna alishusha begi mwenyewe. Alikuwa amepata alichokitaka, mwanawe anaondoka, hakuna anayemwita arudi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekata kitambaa kizuri sana kwa kipimo cha mtu mwingine.

"Ukitua nipigie," alisema.

"Nitampigia Anti Darlene," Kehau alisema. "Yeye atakwambia."

Akachukua begi lake, akaingia ndani.